Anayeambiwa Kwanza

Kila ubishi kuhusu vijana ambao jinsia wanayojijua kuwa nayo haiwiani na mwili wao unapozuka nchini Kenya, huanzia kwenye chumba cha upasuaji. Mmoja anauliza kama ni halali mtoto wa miaka 14 akatwe kiungo. Mwingine anasema hayo ni mambo ya Wazungu. Wa tatu anatoa aya. Baada ya nusu saa kila mtu ameshika upande wake na sauti zimepanda. Waulize wote watatu ni hospitali gani hapa nchini inayompasua mtoto wa umri huo, na hawatakuwa na jina la kukupa. Tunagombania huduma isiyokuwepo, ilhali kijana tunayemgombania yuko shule ya upili, analala katika bweni lililojaa, na swali linalomkosesha usingizi ni jingine kabisa: nimwambie nani?

Naona swali hilo ndilo kiini cha jambo lote. Matibabu, sheria na fatwa huja baadaye, na vyote hutegemea jinsi swali hilo lilivyojibiwa. Kijana aliyempata mtu mzima mmoja wa kumsikiliza bila kumtangaza ana nafasi ya kumaliza shule akiwa na akili timamu. Aliyefichuliwa kabla hajawa tayari anaweza kupoteza shule, nyumba na marafiki ndani ya juma moja, na hapo hata daktari bingwa hana pa kuanzia.

Tuielewe hali yenyewe kwanza, maana imechanganywa na mengi. Disforia ya jinsia ni dhiki inayompata mtu ambaye jinsia anayojijua kuwa nayo haiwiani na mwili aliozaliwa nao. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliondoa jina la zamani lililoiita hali hiyo kasoro ya utambulisho, kikaweka hili la disforia, ili daktari aangalie maumivu ya mtu badala ya kumhukumu kwa alivyo. Vigezo vyao vinataka hali hiyo iwe imedumu angalau miezi sita na iwe inamtesa mhusika au kumkwamisha katika masomo, kazi au maisha yake na watu. Mei 2019 Shirika la Afya Duniani lilipitisha orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika rasmi Januari 1, 2022. Ndani yake hali ya jinsia kutowiana na mwili imetolewa kwenye sura ya maradhi ya akili na kuwekwa katika sura ya afya ya kingono.

Kwa hiyo msichana anayependa kucheza mpira na kunyoa nywele hana disforia kwa sababu hiyo tu, wala mvulana anayependa jikoni. Mapenzi ya jinsia moja nayo ni jambo jingine, kwa kuwa yanahusu mtu anavutiwa na nani. Huntha vilevile ni tofauti, kwa sababu amezaliwa na maumbile yenye alama zisizoegemea upande mmoja, wa kike au wa kiume. Hawa wa mwisho Kenya imeanza kuwatambua: sensa ya 2019 iliwahesabu 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawataja. Kijana wa kitransijenda, yaani huyu ambaye jinsia anayojijua haiwiani na mwili aliozaliwa nao, hayumo katika hesabu yoyote.

Ndiyo maana familia nyingi humpima kwa kipimo kisicho chake. Mzazi anayejali, mwenye uwezo kidogo, humpeleka mtoto hospitali kuangaliwa kama ana jinsia mbili. Majibu yakirudi kwamba mwili hauna kasoro, mzazi hushusha pumzi, kisha huhitimisha kwamba basi huu ni ukaidi. Na ukaidi, katika nyumba zetu, una dawa yake inayojulikana.

Dhiki yenyewe aghalabu hupamba moto wakati wa kubalehe. Mtoto aliyekuwa anaishi vizuri tu akiwa na miaka tisa, akikimbia na wenzake bila mtu kumuuliza lolote, anaanza kuuona mwili ukienda asikotaka. Sauti inavunjika. Kifua kinajaa. Hedhi inaanza, na kila mwezi inamkumbusha. Ni katika miaka hiyohiyo ambapo mfumo wetu wa elimu huwachukua maelfu ya watoto na kuwapeleka shule za bweni za jinsia moja.

Fungua barua ya kujiunga na shule ya upili uisome kwa jicho la mtoto huyo. Sketi za rangi ya damu ya mzee jozi mbili, urefu chini ya goti. Pakiti za sodo. Chupi za rangi fulani, idadi fulani. Nenda kwenye mabafu: bomba juu, sakafu ya saruji, hakuna ukuta wa kugawa. Wanafunzi wanaingia makundi kwa makundi kabla ya alfajiri, na matroni amesimama mlangoni akihimiza. Mwanafunzi asiyeweza kuuvua mwili wake mbele ya wengine huamka saa tisa usiku akaoge peke yake, au haogi kabisa. Akiamka usiku anaandikwa kuwa mtoro wa bweni, asipooga anaitwa mchafu. Wapo wanaokunywa maji kidogo mchana kutwa ili wasilazimike kwenda chooni, mpaka mkojo unawachoma. Darasani anasinzia, alama zinashuka, mwalimu wa darasa anaandika kwenye ripoti: "Anaweza kufanya vizuri zaidi akijitahidi."

Mwishoni mwa Desemba 2021, aliyekuwa Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alisema wanafunzi wa mapenzi ya jinsia moja wanapaswa kusoma shule za kutwa karibu na nyumbani kwao. Hakuwataja vijana wa kitransijenda. Lakini anayejua ofisi ya mkuu wa shule inavyofanya kazi anajua kwamba mle ndani tofauti hizo hazitambuliki. Kauli ya waziri haikuwa sheria. Ilitosha tu kumpa kila mkuu wa shule sababu ya kumwita mzazi aje achukue mtoto wake.

Shuleni yuko mtu aliyewekwa kwa ajili ya mambo kama haya, mwalimu wa ushauri nasaha. Nimekaa katika vyumba vya walimu vya kutosha kujua anavyoishi. Ana vipindi vyake vya kufundisha kama wengine. Ofisi ya ushauri, ikiwepo, ni ile iliyokuwa stoo ya vitabu, na mlango haufungi. Pengine yumo pia kwenye kamati ya nidhamu, kwa hiyo anayesikiliza siri Jumatatu ndiye anayepiga kura ya kufukuzwa Alhamisi. Hata akiwa na moyo mzuri, na wengi wanao, hajui kama anaruhusiwa kunyamaza. Basi anamwambia naibu mkuu "kwa ushauri tu", naibu anamwambia mkuu ili asije akalaumiwa, mkuu anampigia mzazi, mzazi anampigia mchungaji au ustadhi, na ikifika Ijumaa jioni bweni zima linajua. Kila mmoja katika mnyororo huo alidhani anasaidia. Hakuna aliyemuuliza mtoto.

Tunaambiwa kwamba kuhifadhi siri za namna hiyo ni utamaduni wa kigeni, na kwamba kwetu jambo la mtoto ni la ukoo. Sikubali, maana tumeshafanya kinyume cha hayo kwa jambo zito kuliko hili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kenya ilieneza vituo vya VCT, vya ushauri na upimaji wa hiari wa virusi vya Ukimwi. Kabla ya hapo Ukimwi ulikuwa neno la kunong'onwa. Watu walizikwa kwa "homa ya mapafu" na "maradhi ya muda mrefu". Kisha kikaja kijumba chenye viti viwili na mshauri aliyefunzwa, na sharti moja: unayoyasema humu hayatoki. Watu wakaja. Vijana wakaja, wakati mwingine wakiwa wamevuka mitaa miwili mitatu ili wasionwe na jirani. Mwaka 2006 Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia na kudhibiti Ukimwi iliyofanya kutoa siri ya majibu ya mtu kuwa kosa, na ikaruhusu hata baadhi ya watoto kukubali kupimwa bila idhini ya mzazi, wakiwemo waliokwisha kuwa wajawazito au wazazi na wale ambao mwenendo wao unawaweka katika hatari ya kuambukizwa.

Hatukufanya hivyo kwa sababu tulikubaliana kuhusu zinaa. Mapadri na mashehe waliendelea kuhubiri walichohubiri. Tulifanya hivyo kwa kuwa tuliona kwamba mtu anayeogopa kutangazwa haendi kupima, na asiyepima anakufa na kuua wengine. Hesabu hiyohiyo ndiyo ninayoiomba hapa. Mtu anaweza kuamini kwamba jinsia ni ile aliyoiumba Mungu na haibadiliki, na bado akakubali kwamba mtoto wa miaka 15 anayefikiria kujinyonga anahitaji chumba chenye mlango unaofungwa na mtu aliyefunzwa kukaa kimya.

Nimetaja kujinyonga makusudi. Hadi juzi juzi kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kifungo hadi miaka miwili. Hebu fikiria maana yake kwa kijana: amwambie muuguzi kwamba alimeza vidonge, na muuguzi huyohuyo ana sababu ya kuita polisi. Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba. Uamuzi huo haukuzungumzia jinsia hata kidogo, lakini umewafungulia vijana hawa mdomo kuliko makongamano mengi yaliyofanywa kwa jina lao.

Watu wanaopinga mazungumzo haya hupenda kusema kwamba hakuna Mkenya wa kweli mwenye hali hii. Yupo, na alisimama mahakamani kwa jina lake. Audrey Mbugua Ithibu alifanya KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, mwaka 2001 katika Shule ya Upili ya Kiambu akijulikana kama Andrew, kisha akasoma Chuo Kikuu cha Maseno. Alitambuliwa kitabibu kuwa na hali hii akiwa mtu mzima, katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari. Alipobadili jina kisheria na kuanza kuishi kama mwanamke, akabaki na cheti chenye jina la mwanamume na alama ya jinsia. Ukiwa na cheti cha namna hiyo, kila unapoomba kazi unalazimika kumsimulia maisha yako mtu wa mapokezi usiyemjua, na yeye anaamua papo hapo kama wewe ni tapeli. Oktoba 7, 2014, Jaji Weldon Korir aliliamuru Baraza la Mitihani la Kitaifa kumpa cheti kipya chenye jina la Audrey na kisicho na alama ya jinsia. Hoja mojawapo ya jaji ilikuwa nyepesi kiasi cha kushangaza. Kanuni za baraza lenyewe hazikudai alama hiyo iwepo kwenye cheti. Mtu alikaa miaka na miaka bila kazi kwa sababu ya herufi ambayo hakuna sheria iliyoihitaji.

Kesi nyingine zilizofika mbele ya majaji wetu nazo zinahusu kitu kilekile, kufichuliwa kwa nguvu. Mahakama Kuu imewahi kuamuru serikali ilipe shilingi 200,000 kwa mtu aliyevuliwa nguo kituoni Thika mbele ya waandishi wa habari ili wajionee jinsia yake. Agosti 2025, huko Eldoret, Jaji Reuben Nyakundi alimpa shilingi milioni moja mwanamke wa kitransijenda aliyekamatwa mwaka 2019 na kufanyiwa upekuzi wa mwili, na akaitaka serikali ianzishe sheria ya kulinda haki za watu kama yeye. Sijui ni lini Bunge litaigusa sheria hiyo, na mwaka wa uchaguzi hauko mbali. Lakini anayesema Katiba ya 2010 haina neno kwa watu hawa hajazisoma hukumu hizo. Kifungu cha 28 kuhusu utu wa mtu na cha 31 kuhusu faragha vinatosha kazi kubwa.

Sasa Ulaya, maana hatuwezi kuikwepa. Nchini Uingereza kliniki ya Tavistock, iliyohudumia watoto wenye dhiki hii, ilipokea rufaa chini ya 250 mwaka 2011/12, na zaidi ya 5,000 mwaka 2021/22. Haikuweza kumudu. Watoto walisubiri miaka, na wafanyakazi wengine walilalamika kwamba wale waliofikiwa waliharakishwa. Daktari wa watoto Hilary Cass aliagizwa kuchunguza, na ripoti yake ya mwisho ilitoka Aprili 2024. Alisema ushahidi wa kuwapa watoto hawa dawa za kusitisha kubalehe ni dhaifu. England ikazizuia kwa matumizi hayo. Sweden na Finland zilikuwa zimeshapunguza mwendo kabla yake. Marekani, kwa upande mwingine, chama cha madaktari wa watoto kinaunga mkono huduma hizo huku majimbo mengi yakizipiga marufuku, na Juni 2025 Mahakama ya Juu iliiruhusu marufuku ya jimbo la Tennessee isimame.

Ripoti ya Cass imekuwa ikitajwa huku kwetu kama ushindi, na wanaoitaja hunukuu nusu yake. Nusu nyingine inasema mtoto huyu atazamwe mzima: huzuni yake, usonji kama upo, yaliyompata nyumbani, shule yake. Inasema apewe msaada wa kisaikolojia bila kuwekwa kwenye foleni ya miaka. Haisemi apigwe, wala aombewe mpaka azimie. Huduma aliyoitaka Cass, ile ya polepole ya kusikiliza, ndiyo hasa ambayo sisi hatuna. Tumeruka hadi kwenye marufuku ya dawa ambazo mtoto wa Kisumu hakuwahi kuziona.

Kuna jambo moja katika ushahidi huo ambalo pande zote mbili hulikwepa. Wapo watoto wadogo ambao dhiki yao hutulia wanapokua, na wapo ambao haitulii mpaka uzeeni, na hakuna anayeweza kumtazama mtoto wa miaka 11 usoni akakuambia atakuwa yupi. Ukweli huo unamkataza mtu kuharakisha upande wowote. Unamkataza daktari wa kliniki ya kibinafsi anayetaka kuandika dawa siku ya kwanza, na unamkataza mzazi anayetaka jambo liishe kabla ya sikukuu. Mtoto anahitaji muda, na muda hauvumiliki bila mtu wa kuuvumilia naye.

Dini imo ndani ya nyumba zote hizi, kwa hiyo ni upuuzi kuandika kana kwamba haipo. Kwa Waislamu wa Pwani na kwingineko, mjadala huu si mgeni kama wengi wanavyodhani. Imamu Nawawi, katika karne ya 13, alitofautisha kati ya mwanamume aliyeumbwa na mwenendo wa kike, ambaye hana lawama kwa umbile lake, na anayejifanyiza makusudi. Ubadilishaji wa mwili ni mlango mwingine, na wanazuoni wengi wa Sunni wanaukataza, ingawa Iran, nchi ya Kishia, imekuwa ikiuruhusu tangu fatwa ya Khomeini ya miaka ya 1980. Sitoi hukumu ya fiqhi hapa. Ninachosema ni kwamba ustadhi anayemchapa kijana kwa namna alivyozaliwa akitembea na kuzungumza hana Nawawi upande wake. Makanisani hali ni ngumu zaidi kuisema kwa jumla, maana mchungaji mmoja humfungulia mtoto mlango wa nyumba yake na mwingine humweka mbele ya waumini mia tatu "atolewe roho". Hilo la pili, hata ukiamini roho, ni kutangaza siri ya mtoto kwa kipaza sauti. Mwaka 2020 mtaalamu huru wa Umoja wa Mataifa aliwasilisha ripoti iliyotaka mbinu zote za kujaribu "kumrekebisha" mtu wa namna hii zipigwe marufuku duniani, kwa madhara yake. Wanaojua mitaa yetu wanajua pia kwamba kuna wasichana "waliorekebishwa" kwa kubakwa, na aliyefanya hivyo akaonekana ametumwa na familia.

Kijana unayesoma haya, niseme nawe kidogo bila kuzunguka. Kabla hujamwambia mtu, mpime. Mtajie habari ya mtu mwingine, labda hiyo kesi ya cheti, halafu usikilize anachosema. Shangazi anayecheka kwa dharau leo hatakuwa mwema kesho kwa sababu ni wewe. Usianze na aliye karibu kwa damu, anza na aliyewahi kuambiwa siri akaitunza. Mwambie ana kwa ana. Ujumbe wa simu husambazwa na picha ya skrini haifutiki. Kama bado unalishwa na kulipiwa karo na mtu unayeamini atakufukuza, si uoga kusubiri. Unyamaze kwake na umtafute mwingine wa kuzungumza naye wakati huo. Wapo wanaodai kwamba usipojitangaza unaishi uongo. Hao wana pa kulala.

Mwili nao. Najua wapo wanaojifunga bandeji kifuani. Bandeji hukaza kadiri unavyopumua, huumiza mbavu na kufunga pumzi, na kulala nayo ni hatari zaidi. Sidiria ya michezo inayobana kiasi, au fulana mbili ndani ya shati pana, hufanya kazi karibu ileile bila kukupeleka hospitali. Najua pia kwamba kuna wanaonunua vidonge vya kupanga uzazi dukani na kuvimeza vingi ili mwili ulainike. Havijatengenezwa kwa kazi hiyo, na kwa kiwango kikubwa vinaweza kugandisha damu kwenye mishipa ya mguu au mapafu. Aliyeuziwa na rafiki sindano ya homoni isiyojulikana ilikotoka yuko kwenye hatari zaidi ya huyo. Kama umeshaanza, mwambie daktari ukweli hata kama humwambii mwingine yeyote. Yeye amefungwa na maadili ya kazi yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka habari za afya yako katika kundi la habari nyeti.

Kuna nambari mbili za bure unazoweza kupiga ukiwa Kenya. 116 ni ya watoto, na Tanzania na Uganda pia zinaitumia kwa kazi hiyo. 1199 ni ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, kwa msaada wa kisaikolojia. Huna haja ya kueleza jinsia siku ya kwanza. Sema tu huwezi kulala, au umechoka kuishi, na uone anayepokea anavyokujibu. Kama usiku huu unafikiria kujidhuru, piga sasa, au mwamshe mtu aliye karibu nawe ukae naye.

Tume ya Huduma za Walimu inaweza kufanya jambo moja lisilogharimu hata shilingi: kumtoa mwalimu wa ushauri nasaha kwenye kamati ya nidhamu, na kumwandikia waziwazi ni mambo gani tu anayopaswa kuyatoa nje, kama hatari ya kifo au dhuluma, na kwamba mengine yote hana ruhusa ya kuyasema bila mwanafunzi kukubali. Shule inaweza kuweka pazia bafuni. Pazia litamfaa pia msichana mwenye kovu la moto, mvulana mnene, na mtoto anayeona haya tu, na hakuna atakayeuliza liliwekwa kwa ajili ya nani. Mambo hayo mawili hayahitaji Bunge wala mchango wa mfadhili.

Wazazi ndio wagumu kuandikiwa, kwa sababu wengi watalifikiria hili mara ya kwanza siku watakayoambiwa. Mama anapoambiwa hivyo na mwanawe jikoni, saa tatu usiku, ugali ukiwa bado mezani, hatakuwa na kitabu mkononi. Atasikia hofu, na hofu hutaka kumpigia mtu simu. Basi usiku huo asimpigie yeyote, wala dada yake. Amuulize mtoto ni nani mwingine anayejua, na kama yuko salama shuleni. Amwambie ale. Asubuhi asimpeleke popote. Ampeleke shule kama kawaida, na jioni warudie mazungumzo. Baada ya juma moja au mawili, akiona usingizi na masomo ya mtoto vimeharibika, atafute mwanasaikolojia aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014, na swali la kwanza la kumuuliza, kabla ya bei, liwe hili: nitakayokueleza kuhusu mwanangu, na atakayokueleza mwanangu kuhusu mimi, yataandikwa wapi na nani atayasoma?